Uliza Mwalimu wa Rangi: Kajichora Mara 14, Msimamizi Anasema Sura ni Ile Ile

Mwezi huu sijui nini kimeingia Mwanza, barua karibu zote ni za watu wanaojichora au waliochorwa. Hata sijali, ni afadhali kuliko mwezi uliopita mlivyonijazia maswali ya bei za fremu. Twende.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sanaa, chuo nisikitaje, nyumbani ni Igoma. Mwezi wa 12 natakiwa kufanya maonyesho yangu ya kumalizia na nimechagua kujichora mwenyewe, kichwa cha maonyesho nimeandika "Mimi ni Nani". Nimeshachora picha 14. Msimamizi kaziangalia kasema sura ni ile ile mara 14, sasa utambulisho wako uko wapi. Nikaenda nikaongeza ngoma, nikaweka ramani ya Afrika shavuni, moja nikafanya nusu uso nusu kinyago, karudi anasema nimejaza vitu. Baba ni Mkerewe mama Msukuma, Kikerewe sijui, Kisukuma naelewa wakinitukana tu. Nikienda Nansio kule kisiwani Ukerewe wananiita Msukuma, nikienda kwa bibi Magu wananiita mtoto wa kisiwani. Kaka yangu naye anasema haya ni majivuno, mtu mzima anajichora mara 14, si upige selfi. Nimechoka Mwalimu, nataka kubadilisha mada nichore miamba. — Sura Moja, Igoma*

Marahaba mwanangu. Kwanza futa ramani.

Sikutanii, nimesahihisha kazi za wanafunzi miaka mingi na hiyo ramani ya Afrika shavuni nimeiona mpaka usingizini, na nusu uso nusu kinyago, na mnyororo unaokatika, na mshumaa unaowaka kwenye giza, yaani ningekuwa nalipwa kwa kila mshumaa ningekuwa na nyumba Capri Point. Siyo kwamba ni vibaya, ila ni vya kila mtu. Wewe tunakutafuta wewe wa Igoma mwenye kaka ana mdomo, halafu unatupa kitu ambacho hata mtu wa Mtwara angekichora hivyo hivyo.

Na miamba uiache, imeshachorwa. Ule mwamba wa Bismarck hapa ziwani peke yake kama ingekuwa inalipwa kwa kukalia wachoraji ingekuwa tajiri.

Sasa la kaka. Mwambie watu wengi waliojichora sana walijichora kwa sababu ya njaa. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, kati ya 1886 na 1889 alijichora zaidi ya mara 30 na sababu kubwa ilikuwa hana hela ya kumlipa mtu amkalie, basi akanunua kioo kizuri akawa anajikalia mwenyewe, hagombani na mtu, hadaiwi chai. Wewe ukimwambia kaka yako akae masaa matatu bila simu atakubali? Basi. Na tena huyo huyo van Gogh ana kitu cha kukufundisha kuhusu kioo. Mwezi wa 12 mwaka 1888 alijikata sikio la kushoto, mwezi uliofuata akajichora na bandeji, na kwenye picha bandeji iko upande wa kulia, kwa sababu alichora alichokiona kwenye kioo hakukigeuza. Kwa hiyo yule unayemchora siku zote hizi ni mtu ambaye hakuna mwingine anamjua, mama yako hajawahi kumuona, kaka yako hajawahi kumuona, ni wewe tu. Mtu akijua hilo picha zake zinaanza kubadilika, sijui kwanini lakini nimeona.

Fanya hivi kesho. Simama mbele ya kioo, fumba jicho moja, chukua kipande cha sabuni uzungushie uso wako pale pale kwenye kioo, kisha pima kwa rula. Utakuta ni nusu ya kichwa chako. Rudi nyuma hatua tatu zungushia tena, bado nusu. Wanafunzi wangu nikiwafanyisha hili wanabisha mpaka wanapima vichwa vya wenzao. Maana yake ni kwamba kitu umekitazama kila asubuhi tangu utoto, na ukubwa wake tu hukuwa unaujua! Sasa ndiyo uje uniambie umeshamaliza kuitazama hiyo sura mara 14.

Ndipo ninapomjibu msimamizi wako, kwa heshima, maana na mimi nimekuwa msimamizi najua ile njaa ya saa saba mchana. Sura ile ile siyo kosa. Rembrandt wa Uholanzi alirudia sura yake miaka kama 40, ukihesabu za rangi, michoro na za kuchapa zinafika karibu 80, tangu kijana wa nywele timtim mpaka mzee wa 1669 mwaka aliofariki, na mtu haulizi utambulisho uko wapi kwa sababu kila picha mtu amekuwa mwingine kidogo, amefilisika, amefiwa, amenenepa. Kosa linalowezekana kwako, na hili nasema bila kuziona, ni kwamba picha zote 14 umetoa kwenye simu. Nimekosea? Kamera ya mbele ukiishika karibu inavuta pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma, ukikuta picha ya mwanafunzi pua imetangulia kama treni ujue hapo hakuna kioo, hapo kuna selfi. Sura inakuwa ile ile kweli, kwa sababu selfi uso tunaouweka ni mmoja, ule tulioufanyia mazoezi.

Haya, Ukerewe na Usukuma. Hapa ndipo nataka tukae.

Utakuwa umemsoma Frida Kahlo darasani, yule wa Meksiko. Alipata ajali ya basi 1925 ana miaka 18, akalazwa muda mrefu, wakamfungia kioo juu ya kitanda na stendi ya kuchorea amelala, akaanza kujichora. Baba yake alikuwa Mjerumani, mama yake Mmeksiko mwenye damu ya wenyeji. Mwaka 1939 akajichora wawili wamekaa benchi moja wameshikana mikono, mmoja na gauni jeupe la Kizungu, mwingine na nguo za kina mama wa Tehuantepec, kusini mwa Meksiko, mioyo iko nje na mshipa mmoja unatoka kwa huyu unaenda kwa yule. Sasa najua unachowaza, na mimi nitachora wawili, mmoja Mkerewe mmoja Msukuma. USIFANYE. Kila mwaka kuna mmoja anafanya. Kitu cha kuchukua kwake ni kwamba zile nguo zilikuwa zake, za kabatini kwake, alikuwa anazivaa kwenda sokoni. Hakuzitafuta ili aeleze kitu.

Wewe ngoma umeitoa wapi? Kama ni kwenye intaneti, ifute pamoja na ramani. Makumbusho ya Bujora yako hapo Kisesa, kutoka Igoma unapanda daladala hata soda hujamaliza umefika, ngoma za watemi ziko pale za kweli, kaa nazo na penseli siku nzima uone zilivyopasuka na ngozi ilivyokaza. Ukirudi huenda usiichore kabisa na bado picha yako ikawa imeiona. Huenda ukaichora. Mimi sijui, wewe ndiyo utajua ukiwa umekaa nayo.

Ila kwenye barua yako mwenyewe kuna picha tatu umeziacha. Moja, umesema Kisukuma unaelewa wakikutukana tu. Jichore unasikiliza! Mtu anayesikiliza lugha ambayo hawezi kuijibu ana uso wake kabisa, shingo inasogea, mdomo unafunguka kidogo unarudi, nimeuona uso huo kwa wakwe wengi. Mbili, baba yako akitoka Nansio haji mikono mitupu, kama ni Mkerewe wa kawaida analeta machungwa kwenye salfeti, na hilo salfeti liko nyuma ya mlango wenu sasa hivi. Kaa karibu nalo ujichore. Tatu ni kwenye meli. Kule wanakuita Msukuma, huku wanakuita wa kisiwani, katikati ya maji nani anakuita nini? Panda siku moja na daftari, jichore pale ulipokaa kwenye mizigo na kuku, upepo unakusumbua karatasi, mistari itakuwa mibaya na ndiyo hiyo nataka.

Kati ya zile 14 bakiza tano au sita ulizochora kwa kioo, kama zipo. Nyuma ya kila picha andika tarehe na saa. Na hicho kichwa "Mimi ni Nani" tafadhali, anayeingia atajibu "sijui bibie, sema wewe". Zipe majina ya mahali na saa tu. Igoma, Saa 12 Asubuhi. Inatosha.

Nikwambie kitu, mwaka mmoja nilijichora mwenyewe kazi ya wiki sita, nikamwita mama watoto aione, akatazamaaa, akasema "umempatia kweli mjumbe wa nyumba kumi". Niliikasirikia ile picha miaka. Siku hizi nimeota mvi nikipita mbele yake naona kumbe niko pale, ila nilikuwa sijafika.

*

*Mwalimu habari za kazi. Anayeniandikia ni kijana wa jirani, mimi ni mama wa Kirumba, nauza kayabo na dagaa pale Mwaloni. Binti yangu anasoma mambo ya kuchora. Mwezi uliopita wamefanya maonyesho na yeye akaweka picha kubwa ya MIMI, niko kwenye kazi, aproni ina magamba, kilemba kimelegea, ndala mbili hazifanani maana moja ilikatika nikachukua ya mdogo wake. Chini kaandika "Mimi Mwenyewe". Mteja wangu ndiye kaniambia mama nimekuona ukutani. Nilipokwenda nikakuta watu wanaitazama nikarudi bila kuingia. Halafu nasikia mgeni kainunua laki mbili na nusu, mimi sijaona hata mia. Nikimuuliza anasema mama ile siyo wewe, ile ni mimi, hujaelewa sanaa. Je ni kweli sijaelewa? — Mama wa Ndala Mbili*

Mwangaluka mayo. Umeelewa vizuri kabisa.

Nianze na binti maana najua atasoma. Mwanangu, wazo lako ni kali, niseme ukweli nilivyofika pale kwenye "Mimi Mwenyewe" chini ya picha ya mama nilishusha miwani nikanyamaza. Mtu kajitafuta kwenye kioo kamkuta mama yake na aproni, hiyo ni kazi ya mtu anayewaza. Lakini hukumuomba. Uso wako ni mali yako uutese unavyotaka, ujichore umepauka, umelia, una chunusi, hakuna atakayekushtaki. Ukishaazima uso wa mwingine ukauita wako, yule mwingine bado ana majirani, ana wateja, ana watu wa kikundi chake cha kukopeshana. Wewe ulikuwa ukumbini unapigiwa makofi, yeye kesho yake alikuwa Mwaloni.

Na hiyo "hujaelewa sanaa" usimwambie mama tena. Mchoraji anayesema hivyo mara nyingi ndiye ambaye hajaelewa.

Mama, wewe nikueleze kwanini imekuuma na siyo ushamba. Picha ya mtu ukutani kwetu ina adabu zake. Zamani ukienda studio ya picha unaoga, unavaa kitenge kizuri, unaazima hata saa, unasimama mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege, maana ile picha inakwenda kwa ndugu. Kuna mpiga picha mmoja maarufu duniani, Samuel Fosso, alifungua studio yake Bangui kule Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1975 akiwa na miaka 13 tu, mchana anapiga wateja, usiku filamu iliyobaki anajipiga mwenyewe amevaa vizuri suruali pana miwani mikubwa, na sababu mojawapo ilikuwa amtumie bibi yake Nigeria aone mjukuu yuko salama. Leo zile picha ziko kwenye makumbusho makubwa. Kwa hiyo kutaka kuonekana umependeza ni sanaa pia, ina heshima sawa na hiyo ya ndala mbili. Binti yako hajakataa kwamba unapendeza, kachora siku ya kazi, wewe ulitaka siku ya Jumapili. Zote ni wewe.

Sasa hela. Kisheria hakimiliki ya picha ni ya aliyeichora, hilo siwezi kukudanganya. Lakini mimi nimeshalipa watu wa kunikalia darasani, anayekaa analipwa, na wewe umemkalia bila kujua. Binti, laki mbili na nusu hiyo umpe mama yako laki, na usiiite zawadi, ni malipo. Halafu mchore tena, nguo achague yeye, viatu achague yeye, akae anavyotaka yeye, na siku ukifanya maonyesho mengine hiyo nyingine iwepo. Jina lake aandike mama.

Kama akichagua ndala mbili zisizofanana kwa makusudi msishangae, namuona huyu mama ana kiburi chake kizuri.

*

*Kaka Mwalimu mambo. Mimi ni mchora mabango Buzuruga huu mwaka wa 20, saluni, baa, majina ya mitumbwi, matela ya malori, vyote nimechora. Kuna vijana wa chuo wananialika niweke picha yangu nami nijichore kwenye maonyesho yao ila nasikia aibu sijasoma, na sina turubai natumia bati na mbao tu. Niende? — Fundi Brashi*

Poa kaka. Nenda, tena nenda na bati.

Edward Saidi Tingatinga hakusoma uchoraji popote, alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akafariki 1972 bado kijana wa miaka 40, na jina lake sasa ni jina la mtindo mzima, watalii wanalitamka vibaya kila siku. Hakusubiri turubai.

Ila nina ombi moja. Saluni za mji huu zimejaa vichwa ulivyochora wewe, vijana wa panki, kina dada wa rasta, na hakuna hata kimoja chako. Jichore kama bango. Maandishi yako yale yale yenye kivuli, mshale, bei kama unataka kuweka bei, na sura yako katikati kama vile wewe ndiyo biashara inayotangazwa. Usijaribu kuchora "kisanii" kama wale vijana, watakuzidi. Kwa mkono wa bango hawakugusi, wengi wao mstari mrefu hawawezi kuuvuta bila kushika pumzi, nimewafundisha mimi najua.

*

Za haraka haraka maana nafasi imeniishia.

Wa Nyegezi anauliza ngozi yake ni nyeusi sana na kila akijichora anatoka kama kapakwa masizi. Unatumia nyeusi ya kopo, acha. Changanya kahawia nyekundu ya udongo na bluu iliyokolea, utapata giza ambalo lina uhai, ukitaka joto ongeza kahawia ukitaka ubaridi ongeza bluu. Halafu kaa dirishani utazame kweli, paji la uso linapokea anga linakuwa kama bluu hafifu, chini ya kidevu kama uko karibu na maji mwanga unatoka chini unapanda. Na macho yashushe, yako katikati ya kichwa, siyo juu, watu wote mnayapandisha macho kwa sababu mnasahau utosi.

Wawili wa Ilemela wanataka kufanya maonyesho ya pamoja uani kwa mjomba na wanauliza kama wataitwa polisi. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema mumueleze, na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ulizieni hapo hapo, siyo siku ya maonyesho na wageni wako mlangoni. Na uani mwezi wa 11 mvua inanyesha jamani, funikeni.

Asiye na turubai: kitambaa cha marekani, kivute kwenye fremu ya mbao kikaze kama ngoma, paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka paka rangi nyeupe ya ukuta mara mbili. Mimi ninazo za namna hiyo za miaka mingi na hazijapasuka.

Wa Capri Point, wale wadudu wadogo wa ziwani waliokuja kama moshi jioni wakaganda kwenye picha yako ya rangi ya mafuta, pole. Usifute! Ukifuta rangi ikiwa mbichi unawasambaza wanakuwa uji. Acha ikauke kabisa hata wiki mbili tatu, kisha wapukute kwa brashi kavu, waliobaki watoe kwa ukucha, weka rangi kidogo palipochubuka. Siku nyingine wakija zima taa au chora asubuhi. Mimi kuna mmoja nilimsahau kwenye paji la uso wa picha yangu, mnunuzi akasifu sana ile alama ya kuzaliwa nilivyoipatia, nikamwambia ahsante.